Mwalimu Sadashiv na Majira ya Kanada

Kila asubuhi saa moja Paru alifungua mlango wa jikoni wa Mwalimu Sadashiv. Alivua ndala, akachomeka upindo wa sari kiunoni, akaanza kugombana. Aligombana na jiko la gesi. Aligombana na paka wa jirani. Akishapasha koo, aligombana na Mwalimu mwenyewe.

"Mwalimu, leo nipike nini?"

"Chochote."

"Chochote hakiuzwi sokoni. Taja chakula."

Mwalimu Sadashiv alikuwa na miaka sitini na sita. Alifundisha jiografia katika mji wa Wai kwa miaka thelathini na moja. Alijua mito ya dunia nzima, lakini hakuwahi kuulizwa apikiwe nini. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe, Sumati. Sumati aliweka sahani mezani, Mwalimu akalalamika, halafu akamaliza chakula chote. Waliishi hivyo miaka thelathini na minne, na waliishi vizuri.

Sumati alifariki mwezi wa Machi, maembe yakiwa bado mabichi. Tangu siku hiyo sahani ilikuwapo, ila hakukuwa na mtu wa kumlalamikia.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Ketaki, aliyeishi Kanada. Ketaki alipiga simu kila Jumapili, ile ya kuonana nyuso. Jumapili moja mwishoni mwa Septemba alimtazama baba yake kwa muda mrefu.

"Baba, umekonda."

"Ni simu hii. Inakondesha watu."

"Baba, nisikilize. Nimezungumza na nyumba moja ya wazee, huko Pune. Ni safi, ina bustani, ina daktari."

"Mimi nina nyumba yangu."

"Nyumba unayo, mtu huna. Nakuja Diwali nikuone kwa macho yangu. Nikikukuta mzima, tutazungumza. Nikikukuta unaumwa, tunafunga mlango, unahamia Pune. Sitaki ubishi."

Mwalimu alitazama huku na huku. Katika nyumba hii alijua ni ngazi ipi inayolia ukiikanyaga. Alijua ni dirisha lipi linalofungwa kwa kusukumwa na bega. Uani palikuwa na mrehani wa Sumati, na sasa yeye ndiye aliyeumwagilia maji. Kuhama hapa hakukuwahi kumpitia kichwani.

"Basi niambie nifanye nini ili unikute mzima," alisema.

Uso wa Ketaki ulichanua. "Baba, mimi huku nakwenda darasa la yoga. Mwalimu wetu ametupa orodha ya kujitunza majira haya ya majani kupukutika. Ni Ayurveda, Baba! Tiba ya kwetu! Nakutumia sasa hivi."

Orodha ilikuja. Mwalimu aliinakili kwenye kadibodi kubwa kwa wino wa rangi mbili, akaibandika juu ya jiko. Paru alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni. Aliisoma polepole kwa kidole.

"Kunywa maji moto ya tangawizi na pilipili manga mara tatu kwa siku. Jipake mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto mwili mzima. Kula vyakula vizito, vyenye chumvi na uchachu. Kula ufuta na karanga. Funika kichwa na masikio. Fanya yoga ya kuchemsha mwili."

Akageuka. "Ufuta? Mwezi huu? Mwalimu, Mama hakuwa anaingiza ufuta humu jikoni mwezi huu. Hata chupa ya achari aliificha. Alikuwa anasema—"

"Mama hayupo, Paru."

Paru alichukua kinu, akaanza kutwanga tangawizi.

*

Huko Wai, mvua kubwa zikiisha, baridi haiji mara moja. Jua lililojificha miezi minne linarudi likiwa na hasira. Ardhi bado ina maji, jua linaipiga, na mji unafuka kama chungu. Watu wanatembea na miavuli ya jua. Mbwa wanalala ndani ya mitaro.

Katika jua hilo Mwalimu Sadashiv alikwenda sokoni amevaa kofia ya sufu. Aliivuta mpaka chini ya masikio.

"Mwalimu, safari ya Himalaya hiyo?" aliuliza muuza mboga.

"Baridi inaingia. Lazima mtu ajikinge."

"Inaingilia wapi? Hapa kwangu haijafika!"

Mafuta ya ufuta nayo yalileta mambo. Mwalimu alijipaka kikombe kizima kila asubuhi, naye hakuyaosha vizuri kwa sababu aliona ni hasara. Alikwenda maktaba kusoma gazeti, ukurasa wa michezo ukanata kwenye kiwiko chake, akaondoka nao. Kesho yake mkutubi alimwomba asome akiwa amesimama, na asiguse kitu.

Siku ya tano kifua kilianza kuwaka moto kila baada ya kula. Siku ya saba vidonda viliota mdomoni. Siku ya tisa vipele vyekundu vilijaa shingoni na mgongoni. Macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Mwalimu alidhani dawa bado haijakolea, akaongeza pilipili manga.

Tabia pia ilibadilika. Katika maisha yake yote Mwalimu hakuwa mtu wa kelele. Sasa alimfokea muuza maziwa barabarani.

"Kwa nini unanipigia kengele namna hiyo?"

"Namna gani, mzee wangu? Nimepiga kengele ya baiskeli."

"Umeipiga kwa dharau!"

Muuza maziwa aliitazama kengele yake, akamtazama Mwalimu, akapanda baiskeli na kuondoka.

Jumapili ilipofika, Mwalimu alijipaka poda usoni na shingoni ili Ketaki asione vipele.

"Baba, mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Ni furaha."

"Na mbona jasho linakutiririka?"

"Ni afya. Imejaa mpaka inamwagika."

Nyuma yake, jikoni, Paru aliangusha kifuniko cha sufuria kwa makusudi.

*

Alhamisi moja saa sita mchana Mwalimu alipanda darini. Dari ya nyumba yake ilikuwa bapa, ya saruji, na saruji ilikuwa moto. Upande mmoja Paru alikuwa ametandika shuka na kuanika choroko alizoosha, za kusaga unga wa vitafunwa vya Diwali.

Mwalimu alikuwa anafanya yoga ya kuchemsha mwili. Alilisalimu jua kwa kuinama na kuinuka, mara kumi na mbili. Kisha akasema, hii ni ndogo, akafanya mara kumi na mbili nyingine, upesi upesi. Halafu akaanza pumzi za kuvuta na kutoa kwa nguvu, kama mivukuto ya mhunzi.

Pumzi ya arobaini, dunia ilizunguka. Mwalimu alikaa chini ghafla. Alikaa juu ya shuka ya Paru, akaanguka chali, akajiinua tena.

Paru alisikia kishindo, akapanda ngazi mbiombio. "Mwalimu! Choroko zangu!"

Halafu aliona damu. Ilikuwa inatoka puani, inadondoka kwenye fulana. Sauti ya Paru ikabadilika.

"Usilale. Inamisha kichwa mbele. Bana pua hapa, pumua kwa mdomo. Hivyo hivyo. Usiachie."

Alimshika mkono, akamvuta kivulini, akamwekea kitambaa chenye maji ya baridi usoni. Baada ya muda damu ilikoma. Mwalimu alifungua macho.

"Usimwambie Ketaki."

"Nitamwambia mpaka waziri mkuu kama hupandi bajaji sasa hivi!"

*

Zahanati ya Ayurveda ilikuwa karibu na mto. Watu saba walikuwa kwenye benchi. Waliona mzee wa kofia ya sufu anaingia, na mgongo mzima wa fulana yake umebandikwa choroko. Walimpisha mara moja.

Daktari alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anaitwa Revati. Mwalimu alimkumbuka: darasa la saba, dawati la tatu, mdomo haufungwi. Revati alimkumbuka pia. Alisimama, akainama kumgusa miguu kwa heshima, kama mwanafunzi anavyofanya kwa mwalimu wake. Alipoinuka aliinusa mikono yake.

"Mwalimu, haya ni mafuta ya ufuta?"

"Ya ufuta. Halisi."

"Mwezi huu?"

"Nilisema!" Paru alifoka. "Nilisema mimi!"

Revati hakucheka kwanza. Alimtazama puani. Akamtazama ulimi, ambao ulikuwa mwekundu na wenye vidonda. Alimpima presha, ikawa juu kidogo.

"Dawa ya presha unameza kila siku?"

"Nimeiacha wiki mbili sasa. Haikutajwa kwenye orodha."

Revati aliweka kipimo mezani. "Mwalimu, hapo umenitisha. Dawa uliyopewa na daktari wa hospitali huiachi kwa sababu ya orodha yoyote. Hata orodha yangu. Leo ukifika nyumbani unameza, na kesho asubuhi unakwenda hospitali wakupime tena. Na siku damu ya pua ikiendelea robo saa bila kukoma, au ukitapika damu, usije kwangu. Nenda hospitali kubwa moja kwa moja. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa nielezeni. Orodha gani?"

Mwalimu alitaka kueleza kwa utaratibu, lakini Paru alimtangulia. Alitaja tangawizi, pilipili manga, ufuta, karanga, achari ya ndimu, pilipili ya kukaanga, mtindi wa usiku, usingizi wa mchana, na kofia. Revati alisikiliza huku akiuma midomo ili asicheke.

"Orodha imetoka wapi?"

"Kanada," alisema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Lakini ni Ayurveda. Ni tiba ya kwetu."

"Ni tiba ya kwetu. Imekwenda ughaibuni, ikavaa koti, ikarudi hapa na koti lake. Mwalimu, niruhusu nikuulize swali la jiografia."

Mwalimu alinyoosha mgongo. Choroko mbili zilidondoka.

"Uliza."

"Mwezi wa Oktoba, Kanada hali ya hewa ikoje?"

"Majani yanapukutika. Hewa ni kavu. Upepo ni wa baridi. Usiku baridi inakaribia kugandisha maji."

"Vizuri sana. Na Wai?"

"Mvua za kusini-magharibi zimeondoka," alisema Mwalimu, kwa sauti yake ya darasani. "Mawingu yamefunguka. Jua linapiga ardhi yenye unyevu. Joto linapanda kwa mara ya pili katika mwaka, kabla ya—"

Akaishia hapo. Mkono wake ulipanda taratibu mpaka kichwani. Akaivua kofia.

"Amepata ngapi?" aliuliza Paru.

"Sifuri," alisema Mwalimu.

Sasa Revati alicheka, na Mwalimu alicheka, na mpaka watu wa kwenye benchi walicheka, kwa maana mlango ulikuwa wazi na walikuwa wamesikia yote.

"Mwanao hakukosea," alisema Revati. "Orodha ile ni nzuri kwa mtu wa kule. Katika tiba yetu tunasema mwili una upepo, una nyongo, na una kohozi. Baridi kavu ya Kanada inachochea upepo. Ngozi inapasuka, tumbo linajaa gesi, usingizi unapotea. Kwa hiyo wao wanahitaji moto, mafuta, na vyakula vizito. Sisi hapa tuko kwenye Sharad, miezi miwili inayofuata mvua. Wakati wa mvua nyongo inajikusanya mwilini kimya kimya. Jua likirudi, inachemka. Kiungulia, vipele, vidonda vya mdomo, macho mekundu, hasira za ovyo. Umegombana na mtu?"

"Na muuza maziwa."

"Na mkutubi," aliongeza Paru. "Na kunguru wawili."

"Basi mwili wako ulikuwa unawaka, na wewe ukaumwagia mafuta ya taa. Mwezi huu mwili unataka kupozwa. Kula vitu vitamu kwa asili yake, vichungu kidogo, vyepesi. Wali na choroko, na kijiko cha samli."

"Mama," alisema Paru.

"Nini?"

"Hicho ni chakula cha Mama. Marehemu. Ndicho alichokuwa anapika mwezi huu."

"Mumunye, na mboga chungu ya karela," aliendelea Revati.

"Mama."

"Komamanga. Zabibu nyeusi zilizolowekwa. Maziwa yenye sukari kidogo."

"Mama, Mama, Mama."

"Na usiku unaloweka mbegu za giligilani kwenye maji, asubuhi unachuja, unakunywa."

"Kikombe cha udongo, kile cha dirishani," Paru alimwambia Mwalimu. "Ulidhani ni maji ya nini?"

Mwalimu alikuwa anakumbuka sahani. Kila mwaka, mvua zikiisha, mumunye liliingia mezani. Yeye alikuwa anauliza kama soko zima limeungua likabaki mumunye tu. Sumati alikuwa anasema, kula basi, kitapoa.

"Nilidhani anabana matumizi," alisema. "Miaka thelathini na minne. Mbona hakuniambia?"

"Akwambie nini?" alisema Paru, na safari hii hakufoka. "Wewe ungekubali kula dawa? Alipika, ukala, ukawa mzima. Ilitosha."

Mwalimu alitazama nje kwenye mto kwa muda. Revati alijifanya anatafuta kalamu.

Kisha alimpa mambo mengine. Jua la mchana alikwepe. Asilale mchana. Achari, mtindi, pilipili na vya kukaanga aviache kwanza. Kama anataka mafuta, apake ya nazi, kidogo, na aoge. Yoga aifanye asubuhi mapema, taratibu, bila mashindano, kisha alale chali akiwa ameegemeza miguu ukutani.

"Na pumzi yako ya mivukuto iache. Jifunze hii. Kunja ulimi kama mrija, utoe nje kidogo. Vuta hewa kwa ulimi. Funga mdomo. Toa kwa pua, polepole."

Mwalimu alikunja ulimi, akavuta. Hewa ya baridi ilipita juu ya vidonda vyake. Macho yakamtoka.

"Inapoza!"

Paru alijaribu. Ulimi haukukunjika. Alijaribu kuusaidia kwa vidole. Kwenye benchi watu saba wote walikuwa wametoa ndimi, na bibi mmoja alikuwa anamkagua mumewe.

"Ulimi wako bapa kama chapati," bibi alisema.

"Wasiokunja ulimi wabane meno, wavute hewa katikati ya meno," Revati aliwaambia kwa sauti. "Ni ile ile. Na mwenye mafua asifanye!"

*

Jioni hiyo Mwalimu aliigeuza kadibodi. Alimpa Paru kalamu.

"Andika wewe. Andika jinsi Mama alivyokuwa anafanya."

Paru aliandika polepole, herufi kubwa, na mistari ilipanda kama njia ya mlimani. Mwalimu hakusahihisha hata neno moja. Hilo lilimgharimu sana.

Hospitali walimpima, wakamwambia aendelee na dawa yake ile ile. Siku ya tatu kiungulia kiliondoka. Baada ya wiki vipele vilikauka. Alimsimamisha muuza maziwa barabarani.

"Kengele yako haina kosa lolote," alimwambia.

"Namshukuru Mungu, mzee wangu. Nilishaanza kutafuta nyingine."

Ulipofika usiku wa Kojagiri, sikukuu ya mwezi mpevu, Mwalimu na Paru walikaa darini jioni, pamoja na majirani, wakanywa maziwa yenye iliki. Kila mwaka Sumati alikuwa anamkokota apande huko, na kila mwaka yeye aliuliza kwani maziwa hayanyweki chini. Mwaka huu alipanda wa kwanza.

Kilibaki kitu kimoja. Jumapili Mwalimu alikaa mbele ya simu bila poda. Alimweleza Ketaki kila kitu, kuanzia kofia mpaka choroko. Ketaki alicheka aliposikia habari ya gazeti la maktaba. Baba yake alipofika kwenye damu, Ketaki alilia.

"Ni mimi nimekufanyia hivyo."

"Hapana. Ulinipa kitu kizuri cha nchi yako. Mimi ndiye mwalimu wa jiografia."

"Na ulinificha. Wiki tatu ulikuwa unanificha! Kesho ukianguka utanificha pia. Basi, Baba. Nakuja, na Pune utakwenda."

Simu ikakatika. Mwalimu alikaa akiwa bado ameishika.

*

Ketaki alifika siku mbili kabla ya Diwali. Alikuwa na masanduku mawili, na katika mkoba alikuwa na fomu ya nyumba ya wazee. Aliiweka mezani, juu kabisa, ili baba yake aione kila akipita.

Lakini ilikuwa sikukuu, na yeye alikuwa hajala vya Diwali kwa miaka mitatu. Alizunguka kila nyumba ya mtaa. Alikula vitafunwa vya kukaangwa vyenye pilipili, akala achari, akala ufuta. Safari ilikuwa imemgeuzia usiku kuwa mchana, kwa hiyo alilala kila siku baada ya chakula, saa tatu nzima. Kisha aliamka na kwenda kula tena.

Alfajiri ya Diwali Paru alimsugua mafuta kichwani kabla ya kuoga, kama mama yake alivyokuwa anafanya. Ketaki alifoka.

"Taratibu, dada Paru! Unanikwangua kama sufuria!"

Paru alimtazama macho. Yalikuwa mekundu. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Paru.

"Toa ulimi," alisema Mwalimu.

"Nini? Baba, mimi ndiye nimekuja kukukagua wewe!"

"Ketaki, toa ulimi."

Ketaki alitoa. Ulikuwa na vidonda viwili vidogo pembeni. "Na kifua kinaniwaka tangu jana," alikiri. "Nilidhani ni uchovu wa ndege."

Siku mbili zilizofuata fomu ilibaki mezani, na juu yake iliwekwa sahani ya komamanga. Mwalimu aliamka mapema, akachuja maji ya giligilani, akampelekea. Alimsimamia Paru apike wali na choroko. Mchana Ketaki akianza kusinzia, alimpa kazi ya kumenya mboga. Alimfundisha pumzi ya ulimi, naye Paru, ambaye ulimi wake haujakunjika mpaka leo, alimrekebisha.

"Kama kesho kutwa bado kinawaka, tunakwenda kwa Revati," alisema Mwalimu. "Sibahatishi tena."

Haikuhitajika. Siku ya tatu Ketaki aliamka kifua kimepoa. Jioni alikaa na baba yake kwenye ngazi za uani. Alikuwa na fomu mkononi, akaikunja mara mbili.

"Baba, mimi sikuwahi kwa Mama. Nilikuwa angani wakati mnauchoma mwili wake. Naogopa kutowahi kwako."

Mwalimu alisema, "Hata mimi niliyekuwa chumba cha pili sikuwahi."

Ketaki alimshika mkono.

"Hata nikikaa Pune, ndege haitakuleta mapema zaidi," alisema Mwalimu. "Hapa nina Paru anayenifokea. Nina Revati. Sasa najua ninakula nini, na kwa nini. Niache hapa."

Ketaki aliikunja fomu mara ya tatu. "Kaa. Lakini hakuna poda. Jumapili unanionyesha uso wote na ulimi. Na ukiumwa, unaniambia siku hiyo hiyo."

"Nimekubali."

"Na mimi nimesikia!" alisema Paru kutoka jikoni. "Akidanganya napiga simu mwenyewe!"

Ketaki aliondoka wiki iliyofuata, peke yake.

*

Mwishoni mwa Novemba, asubuhi moja, Mwalimu aliamka akakuta ukungu umekaa juu ya mto. Vidole vya miguu vilikuwa baridi. Alikunywa chai, akamwagilia mrehani, akatembea mpaka zahanati. Alikaa kwenye benchi kusubiri zamu yake.

Pembeni yake alikaa bwana mmoja mwenye kikohozi.

"Mzee, unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Umemleta mgonjwa?"

"Hapana. Niko peke yangu."

"Sasa umefuata nini hapa?"

"Majira yamebadilika leo alfajiri," alisema Mwalimu Sadashiv. "Nimekuja kuuliza nibadili nini na mimi, kabla sijaumwa."

Yule bwana alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akachukua mwavuli wake, akasogea mpaka mwisho kabisa wa benchi.